Foleni Ukutani Kanyosha

Mimi ni fundi cherehani kutoka Kigoma, na hasira zangu zinakaa puani. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Marehemu mama alikuwa akisema hasira hizo nimezirithi kwa dada yake, yule aliyeolewa Bujumbura, na kwamba hata sura nimechukua ya huyo dada, yeye aliyenizaa hakuambulia kitu. Sikuwahi kubisha, maana mama mkubwa nilimpenda sana.

Bujumbura naenda kufuata vitenge. Kila baada ya miezi michache napanda gari, navuka mpaka, napita Nyanza-Lac na Rumonge, ziwa likiwa mkono wa kushoto, mpaka Kanyosha, ambako mji unaanza kwa sisi tunaotoka kusini. Hapo ndipo kwa baba mkubwa, mume wa yule mama mkubwa. Mke wake alifariki miaka minne iliyopita, lakini mimi sikuhamisha kambi. Kitanda changu kiko palepale, na ndoo yangu ya kuogea ole wake atakayeigusa.

Wafanyabiashara wenzangu wakishafunga mizigo hutafuta mahali pa kula mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Mimi hutafuta kuta. Ugonjwa huu ulinianzia Kigali, siku basi letu lilipoharibika nikakaa saa nne kando ya barabara, mbele ya ukuta uliochorwa kichwa cha mwanamke mwenye kilemba, kirefu kuliko nyumba. Saa ya kwanza nilikuwa namtukana dereva. Saa ya pili nikaanza kukiangalia kile kilemba. Aliyekichora alijua jinsi kitambaa kinavyolala kikikunjwa mara mbili, na mahali kinapogoma. Basi lilipotengemaa, wa mwisho kupanda nilikuwa mimi. Tangu hapo kila mji ninaofika nauliza, nani hapa anachora ukutani? Mara nyingi watu wananielekeza kanisani. Sijasomea sanaa, naangalia kifundi tu, kama mshono umekaa au haukukaa.

Bujumbura yenyewe nilichelewa kuiona, na sababu ilikuwa dharau. Nilishajiambia kule ni vitenge na samaki. Mpaka safari moja ya karibuni, mteja wangu wa Gihosha, mama mmoja ninayemshonea magauni ya harusi, akaniambia, "Wewe si unapenda michoro? Twende nikuoneshe." Akanipitisha Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, ambako wanafunzi wamechora kwenye kona ya ukuta mwanamume anayeteremka mlima na baiskeli iliyojaa ndizi. Gurudumu la mbele liko mtaa huu, la nyuma liko mtaa mwingine. Ukitaka kumwona mzima lazima usimame katikati ya njia panda na upigiwe honi. Nilipigiwa honi mara tatu na sikusogea.

Kisha akanipeleka kwake Gihosha, na jioni ile tukaingia kwenye nyumba moja ya jirani iliyogeuzwa kuwa ya maonyesho. Ilikuwa siku ya ufunguzi, wenyewe wanaiita vernisaji, na neno hilo lilinitisha nikavaa viatu vya kubana. Katikati ya sebule ilining'inia nguo moja kutoka darini hadi sakafuni, imeshonwa kwa mifuko mitupu, mifuko ya mashati ya shule, ya makoti ya wauguzi, ya suruali za walinzi. Mshono wenyewe ulikuwa aibu. Nikamwambia mteja wangu, tena kwa sauti, kwamba kazi kama hiyo mimi ningeifumua mbele ya aliyeileta. Nikatia mkono kwenye mfuko mmoja nione kama una bitana, nikakuta karatasi.

Ilikuwa orodha ya sokoni. Nyanya, mkaa, sabuni, dawa za mama. Mstari ulikuwa umepita juu ya dawa za mama peke yake. Sikujua kama zilikwisha kununuliwa au hazikuhitajika tena. Nikasimama pale na karatasi mkononi, machozi yananitoka, mimi niliyekuja kukosoa mshono.

Msimamizi wa nyumba ile, dada mmoja kijana, kichwa amekinyoa na miwani imemjaa uso, akanijia. Nilidhani ananifukuza. Akaniuliza nimepata nini, akaniambia wageni wote wanaruhusiwa kutoa na kuweka. Nikairudisha ile karatasi, nikaweka na changu, kipande cha chaki ya kushonea kilichokuwa kwenye pochi. Tukazungumza mpaka viatu vikanishinda nikavivua, na namba yake ya simu nikaichukua.

Kesho yake asubuhi nilirudi Kanyosha, na hapo ndipo nilipouona ukuta wa baba mkubwa. Nasema nilipouona, ingawa nilikuwa nimepita mbele yake miaka nenda miaka rudi, nimeuegemea, nimeuanikia hata mashuka.

Baba mkubwa ni mchora vibao. Alivuka kutoka Uvira akiwa kijana, na nusu ya vibao vya Kanyosha vimepita mkononi mwake, vinyozi, maduka ya dawa, mafundi redio, majogoo kwa wauza chipsi. Mwaka mmoja wa zamani mabomba ya mtaa yalikauka yote, likabaki moja, lile la kwenye kona ya ukuta wake. Mtaa mzima ukawa unapanga foleni pale tangu alfajiri, na madumu ya njano. Baba mkubwa akachukua rangi zilizosalia kwenye kazi za watu, nyekundu ya kinyozi, buluu ya duka la dawa, akawachora ukutani kama walivyosimama, kila mtu kwa urefu wake, mmoja baada ya mwingine, mpaka foleni ikafika kwenye bomba lenyewe la kweli. Muuza ndagala, yaani dagaa, alikuwemo, na mwanawe mgongoni. Shefu wa mtaa, mwenyekiti wao, alikuwemo, amekaa juu ya dumu lake. Fundi baiskeli, wakati ule kijana mwembamba, alikuwa anajipenyeza mbele na madumu mawili. Na mbele yake alikuwa mama mkubwa, amegeuka nyuma, mkono kiunoni, anamfokea.

Rangi ilikuwa imefifia, tope la mvua limepanda mpaka magotini. Lakini siku ile nikasimama mbele ya mama mkubwa kama nilivyosimama mbele ya ile mifuko. Kitenge chake kilikuwa kimekaza kwenye nyonga upande ule alioweka mkono, na kulegea upande wa pili, sawasawa na kinavyofanya kitenge cha mtu aliyekasirika.

Nikaingia ndani nikamwambia baba mkubwa kwamba pale nje kuna sanaa.

"Ile?" akasema. "Ile nilichora bure tu. Hakuna mutu aliniomba."

Nikamweleza habari za Gihosha, nyumba, mifuko, yule dada mwenye miwani. Alikuwa amekaa upande upande, anazungusha kichwa kunitafuta. Ana presha ya macho. Jicho la kulia lilishakwenda, na la kushoto anasema linaona kama kwa tundu la ufunguo, kidogo kidogo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari alikuwa mkweli naye: dawa inachelewesha, hairudishi. Vibao alikwisha kuacha, ingawa mtaani hakumwambia mtu kwa nini. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea.

"Miaka yote nilichora vitu ya watu. Ile foleni tu ndo yangu. Mi nataka mutu moja, mwenye anajua, aiangalie. Na mi nimuone vile anaangalia. Kisha macho ifunge, si kitu."

Nilimpigia yule dada palepale. Akasema Jumamosi saa tisa mchana atakuja mwenyewe, anatayarisha maonyesho ya wachoraji wa kuta na anataka kuuona ule kwanza.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kusema kwamba mambo yako yanaendelea vizuri ni kutamu, lakini kusema nusu na kubakiza nusu ni kutamu zaidi. Nikatoka nje, nikamkuta jirani yetu muuza ndagala anapepeta mzigo wake, nikamwambia, "Jumamosi saa tisa wageni wanakuja kuangalia ukuta wa baba mkubwa. Wageni wa maana."

"Ukuta?" akauliza.

"Ukuta."

"Kuangalia tu?"

"Utaona," nikamwambia, nikaingia ndani ninanesa.

Mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu. Ijumaa nilikwenda Gihosha kumpima gauni yule mteja wangu, na kurudi ikashindikana kwa sababu mafuta yalikuwa adimu na magari machache. Nikalala huko. Nilisahau kwamba Jumamosi asubuhi Burundi nzima iko kwenye kazi za jumuiya, watu wanaziita travo. Maduka yanafungwa, gari halitembei, kila mtu yuko nje na jembe au fagio mpaka saa nne na nusu. Nikapewa jembe na mimi, nichimbue mtaro wa Gihosha. Nilisema mimi ni mgeni, mizigo yangu iko Kanyosha. Wakaniambia mtaro hauulizi pasipoti. Nikachimba kwa hasira, na nasikia waliusifu sana upande wangu.

Nilifika Kanyosha karibu saa saba, nusu ya njia kwa miguu. Nilipokata kona niliona mawe ya kando ya barabara yamepakwa chokaa. Mashina ya miti yamepakwa chokaa. Nikafurahi, nikasema mtaa umependeza. Kisha nikauona ukuta.

Ulikuwa mweupe kutoka geti mpaka bombani. Juu yake hakukubaki mtu hata mmoja wa ile foleni.

Muuza ndagala akanijia mbio, chokaa kwenye nyusi, meno yote nje. "Umeona? Tulipiga mara mbili!"

Shefu wa mtaa alikuwa nyuma yake na brashi, mzee mwenye heshima zake, anatabasamu kama bwana harusi. "Baba akianza kibao, si anapigaka chokaa kwanza?" akanieleza. "Tumemurahisishia kazi. Wageni wakuje wamukute ukuta iko tayari, achore mbele yao. Na yeye mwenyewe tulimwambia abaki ndani, apumzike. Mwenye wageni hafanyi travo."

Ni kweli. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi tangu waijue sura yake, chokaa kwanza, picha baadaye. Wageni wa maana wakija, mtaa hupakwa chokaa. Wageni wa kuangalia ukuta wa mchoraji wakija, je, si ndio upakwe ukuta wenyewe? Hawakuwa wajinga wale watu. Walikuwa wamempenda kwa njia wanayoijua, na nusu ya habari niliyoibakiza ndiyo iliyowakosesha.

Lakini hayo nayasema leo. Wakati ule nilifungua mdomo nikasema maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, na yale mabaya zaidi nikayasema kwa Kiha, nikidhani najificha. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka Kiha na Kirundi ni ndugu, na kwamba kila mtu amenielewa. Muuza ndagala alianza kulia. Fundi baiskeli, ambaye sasa ana kitambi na wajukuu, alichovya kitambaa kwenye maji akajaribu kufuta. Chokaa mbichi ikatoka, na chini yake ikatoka rangi ya njano ikamchuruzikia mpaka kiwiko. Nikampigia kelele aache.

Hapo geti likafunguka. Baba mkubwa alikuwa amevaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, na kola ilikuwa imenyooka kuliko ninavyonyoosha mimi. Alisimama, akageuza uso ukutani kama afanyavyo, akitafuta kwa lile tundu lake. Akatazama pa kwanza. Akasogeza kichwa kidogo, akatazama pa pili. Akaenda hatua mbili, akatazama tena. Nilielewa anawatafuta mmoja mmoja. Akanyoosha mkono akaugusa ukuta.

"Imefunga," akasema polepole. "Leo imefunga."

Ilinibidi niseme mimi, maana wengine wote walikuwa wameshika brashi.

"Baba, macho hayajafunga. Ni chokaa. Wamepaka chokaa, na kosa ni langu."

Akainusa mikono yake. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Chokaa," akasema. "Mi nilifikiri ni macho. Afadhali chokaa."

Ile "afadhali" iliniuma kuliko angenipiga. Shefu wa mtaa aliweka brashi chini, akavua kofia. Baba mkubwa alimshika bega. Nikatoa simu, nikasema nampigia yule dada asije. Baba mkubwa alikataa. "Apana. Mugeni harudishwe njiani. Akuje anywe chai." Akaingia ndani, akafunga mlango wa sebuleni, mlango ambao sijawahi kuuona umefungwa mchana.

Nilikaa kwenye jiwe, chokaa ikanishika sketi, wala sikujali. Nilikuwa nimekuja mara ngapi, nikauanikia mashuka ule ukuta, na sikuwahi hata kuupiga picha. Picha za mwanamke wa Kigali ninazo kumi na moja. Ya mama mkubwa wa pale ukutani sikuwa nayo hata moja, na sasa nilianza kusahau kama mkono uliokuwa kiunoni ulikuwa wa kulia au wa kushoto.

Muuza ndagala ndiye aliyeanza. Hakuwa na mpango wowote, alikuwa anajaribu kunituliza. Alikwenda akasimama ukutani, hatua kama saba kutoka getini, akasema, "Mi nilikuwa hapa. Siwezi sahau. Mutoto alikuwa na homa siku ile."

"Apana," akasema fundi baiskeli. "Pale alikuwa shefu. We ulikuwa nyuma ya shefu."

"Mi nyuma ya shefu? Nilifika mbele ya jua!"

"Alete dumu yake tuone," akadakia mtu mwingine.

Dumu likaletwa. Shefu naye akaleta lake, akalikalia, akasema kwa heshima zake zote kwamba yeye alikuwa wa nne na haombi kusogezwa. Watu walitoka majumbani kusikia ugomvi, na kila aliyetoka alikuwa na ushahidi. Foleni mtu anaweza kusahau tarehe yake, anaweza kusahau mwaka, lakini aliyekuwa mbele yake hamsahau. Wakaanza kupangana. Binti mmoja mrefu, mwanafunzi wa uuguzi, akaja akasimama nyuma ya muuza ndagala, akainama kidogo na kuweka mikono mabegani pake. Huyo ndiye aliyekuwa mgongoni. Mwanamume mmoja alitaka kusimama karibu na bomba, akafukuzwa na watu wanne kwa pamoja, maana mwaka ule alikuwa bado Rumonge. Nilicheka, na nikaona aibu kwa kucheka.

Katikati, mbele ya fundi baiskeli, palibaki nafasi. Kila mtu alijibana kushoto na kulia, wakakanyagana vidole, na pale hapakusogelewa na mtu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Siku ile Kanyosha hawakuwasikiliza.

Yule dada wa Gihosha alifika saa tisa kasoro. Akashuka kwenye gari, akaona foleni ya watu na madumu mbele ya ukuta mweupe, akavua miwani akaifuta. "Maji yamekatika?" akaniuliza.

"Dada, nyuma, nyuma," shefu akamwambia bila kusimama. "Kila mutu na nafasi yake."

Akaenda nyuma. Nitamshukuru maisha yangu yote kwa hilo, kwamba hakuuliza mara ya pili. Nikamfuata huko mwisho, nikamweleza kwa ufupi. Hakutoa simu kupiga picha. Aliirudisha miwani usoni, akaiangalia foleni kuanzia bombani, mtu mmoja mmoja, taratibu.

Kelele zilimtoa baba mkubwa. Nilimwona getini, kichwa kinakwenda huku na huku, mpaka tundu lake lilipomshika shefu juu ya dumu. Akasogea, likamshika muuza ndagala. Akaendelea hivyo, akipita mbele yao kwa hatua ndogo, na walipokuwa wamekosea akawarekebisha. "We, shingo ilikuwa hivi." "We ulikuwa unatazama ziwa." Kidevu cha fundi baiskeli alikiinua, akakishusha. Kisha akaomba mkaa.

Akaletewa kipande cha mkaa kutoka kwenye jiko la mtu. Akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha shefu, apapase mwisho wake, na wa kulia ukafuata kwa mkaa ukutani, kichwa, sikio, bega, mpaka kwenye dumu. Sura hakuweza tena kuzichora. Lakini mahali mtu anapoishia na ukuta unapoanzia, hapo vidole vyake vilikuwa havijasahau kitu. Shefu alipotoka alibaki pale amekaa, mweusi juu ya weupe, na ungemjua hata ungekuwa umelala usingizi.

"Yule mugeni iko wapi?" baba mkubwa akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikamshika mabega nikamgeuza. Yule dada alikuwa ameacha foleni yake, amesimama katikati ya barabara, mkono mdomoni. Baba mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, nusu ya uso, kisha nusu nyingine.

"Anaangalia," akasema.

"Anaangalia, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ukutani. Akamchora muuza ndagala na binti yake, wote wawili kwa mstari mmoja usiokatika. Akawachora waliofuata. Akafika kwenye nafasi.

Alipapasa, mkono ukagusa chokaa tupu. Akapapasa tena chini kidogo. Baba mkubwa alibaki ameuegemeza mkono pale. Kisha akaita, bila kugeuka, "Mutoto wa Kigoma. Kuja."

Nilikwenda. Nikaupa ukuta mgongo, chokaa ya baridi ikapita kwenye blauzi. Mkono wake ukatua kichwani kwangu, ukashuka kwenye paji la uso, kwenye pua, ukasimama.

"Mukono kwa kiuno," akasema. "Ya kulia. Geuka nyuma. Na kasirika kidogo."

Nikaweka mkono, nikageuka. Hasira ikanikataa. Siku nzima nilikuwa nayo, tangu mtaroni Gihosha, nimeigawa kwa kila mtu mpaka kwa Kiha, na saa ile niliyoombwa niitoe kwa heshima sikuwa nayo hata tone. Nilikuwa nalia tu, na mabega yalikuwa yanatikisika, na mkaa haukuweza kupita.

Hapo nikaona kitu kinasogea kwa chini. Fundi baiskeli, kitambi na wajukuu wake, alikuwa anajipenyeza mbele yangu na madumu mawili, polepole, macho ameyatupa pembeni kama vile hayuko.

"We!" nikafoka. "Unakwenda wapi? Rudi nyuma!"

"Ndo hivyo," akasema baba mkubwa. "Hivyo hivyo. Usisogee," na nikausikia mkaa ukipita karibu na sikio langu.